Waya Kwenye Bega la Mama Mkwe

Kwenye boksi la simu ya helmeti waliandika kwamba haipitishi maji. Aliyeandika hajawahi kufika Tukuyu. Mimi nilifika nikiwa na barua ya ajira na jozi moja ya viatu vya ngozi, na viatu vilishika ukungu wa kijani kabla sijapokea mshahara wa pili. Natoka Kondoa. Kwetu mvua ikinyesha watu hutoka nje kuitazama na kuisifia. Tukuyu mvua ni kama wifi: haipigi hodi, haisubiri kuletewa kiti, na hakuna anayethubutu kuiuliza itaondoka lini.

Nilikuwa bibi mifugo. Nilizunguka Lufingo, Kisiba na Lupepo nikitibu ng'ombe wa maziwa, nikichanja, na kuwapandisha kwa mrija bila dume, jambo ambalo wazee wengi walilitazama kwa mashaka mpaka ndama walipoanza kuzaliwa. Mradi wa maziwa ulinipa pikipiki. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka ya mjini yameanza kujaa sabuni za rangi, tochi za kila umbo, redio zenye taa, na mitumba inamwagwa chini kwenye turubai. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni ya kufulia tulikuwa tunanunua hata vitu tusivyojua kazi yake.

Simu ya helmeti haikununuliwa. Mzungu mmoja wa mradi alipomaliza mkataba wake alituachia helmeti mbili nyeusi, na ndani ya kila moja kulikuwa na spika ndogo mbili za masikioni na maiki mbele ya mdomo. Kutoka kila helmeti ulishuka waya hadi kwenye kisanduku cha betri nilichokifunga juu ya tangi la mafuta, na kichwa cha waya kilichomekwa kwenye tundu la kisanduku. Anayeendesha na anayebebwa waliweza kuongea bila kupiga kelele. Mume wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu wa Lufingo, na kila Jumapili tulikwenda kwao tukiongea njia nzima. Mambo tuliyoshindwa kusemeana nyumbani tulisemeana barabarani, maana ukiwa huuoni uso wa mtu, ulimi unakuwa mwepesi.

Wiki ya tatu simu ikaanza kukwaruza. Sikio la kushoto likafa. La kulia likawa linafanya kazi nikiinamisha kichwa upande, kwa hiyo nikawa naendesha kama mtu mwenye shingo mbaya. Nilipochomoa kile kichwa cha waya nikakuta kutu ya kijani kwenye shaba. Nikaisugua kwa spiriti ya kusafishia sindano, simu ikapona, na baada ya mvua mbili ikafa tena.

Mimi sipendi kushindwa na kitu kisicho na damu. Nilichukua tepu nyeusi ya umeme nikaviringisha viungo vyote, mizunguko kumi, nikavuta mpaka vidole vikauma. Hali ikawa mbaya zaidi. Siku nilipoifungua ile tepu, maji yalimwagika kama nimepindua kibuyu. Ndipo nikampelekea fundi wa redio, mzee mmoja wa Kiislamu mwenye kibanda karibu na soko, ambaye alikuwa anatengeneza redio, pasi, saa, na ukimkuta kabla ya swala ya adhuhuri alitengeneza pia mawazo yako. Alitazama kazi yangu akacheka mpaka akavua miwani.

"Bibi mifugo," akasema, "umeyafungia maji ndani kama kuku. Maji ya mji huu huwezi kuyazuia. Yaonyeshe njia ya kutokea."

Akanieleza kwamba maji hutembea juu ya waya kama siafu kwenye kamba ya nguo, yanafuata tu mpaka yakute tundu. Dawa yake ni kuuacha waya ulegee na kufanya tumbo chini ya kile kiungo. Maji yakifika kwenye tumbo hayawezi kupanda tena, yanadondoka. Kichwa cha waya kitazame chini, kamwe kisitazame mbinguni. Ndani kipakwe grisi kidogo ili unyevu usipate pa kukaa. Juu funika, chini acha wazi.

Nilimsikiliza, halafu nikaongeza ujuzi wangu. Badala ya grisi nilipaka mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe, na mpaka leo nayasifu. Kufunika kisanduku nikatumia glovu ya kupandishia ng'ombe, ile ndefu ya plastiki inayofika begani. Kisanduku kilikaa kwenye kiganja, nyaya zikatokea huko chini kwenye bega la glovu, na vidole vitano vikawa vinapepea mbele ya usukani. Mume wangu aliona haya kupita mbele ya wanafunzi wake huku mkono wa plastiki ukiwapungia. Nikamwambia achague, heshima au mazungumzo. Akachagua mazungumzo, na simu haikufa tena.

Sasa nieleze habari ya mkwe.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, baba na mke wa mwanawe hawaonani. Si kwamba hawapatani, nasema hawaonani. Hawatazamani usoni, hawaongei, hawapishani njiani. Yeye akija huku, wewe unapita kule. Vijana wa mjini walikuwa wameshaanza kuacha, na nilikuwa na shoga aliyekunywa chai meza moja na mkwe wake. Baba mkwe wangu hakuacha. Akitoka shambani alifika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya uwanja, akasimama, akakohoa mara mbili. Hapo mimi nilijifunika khanga kichwani na kugeukia ukuta wa jiko mpaka apite. Kwa miaka minne nilimjua kwa kikohozi, na kwa miguu yake kuanzia magotini kwenda chini, kwa sababu upindo wa khanga una mwisho wake.

Mwanzoni niliona ni vituko. Mume wangu akaniambia ndiyo heshima yenyewe, na kwamba mzee angekuwa ananidharau asingejisumbua kukohoa. Nikakubali. Kila zizi lina mlango wake, na mgeni haingii kwa kuruka ua.

Basi kila neno kati yangu na mzee lilipita kwa mama mkwe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye Kiswahili chake mwenyewe ambacho hakikuwa na haja ya z wala r. Miaka ile ya kuwauliza wenye ng'ombe maswali zizini ilinifundisha Kinyakyusa cha kutosha, lakini mbele yake sikukionyesha. Kwanza ilikuwa uvivu. Baadaye niliona anavyopenda kunitafsiria, nikamwachia.

Siku moja ng'ombe wa mzee aligoma kula. Nikaja na begi langu, mzee akakohoa akaingia migombani, na mimi nikabaki na mgonjwa. Nikasema, mama, naomba umuulize baba ng'ombe amegoma tangu lini. Mama akakimbia migombani. Nikasikia mzee amekoroma neno moja, ambalo kwa umbali ule sikulishika. Mama akarudi akifuta mikono, akaniambia baba yako anasema tangu juzi jioni, na anasema anashukuru umekuja na mvua hii, na anasema ng'ombe huyu ana bahati ya kutibiwa na mtu wa nyumbani. Nikauliza kuhusu kinyesi. Akakimbia tena, nikasikia makoromo mawili, na yakarudi yakiwa hotuba. Nilidhani Kinyakyusa cha wazee ni cha maneno machache yenye maana kubwa. Niliwahi hata kumsifia mume wangu kwa hilo, naye akakohoa na kurudi kwenye madaftari yake.

Na kulikuwa na ile sentensi. Hatukuwa tumepata mtoto. Mwaka wa tatu wa ndoa, sikukuu ya Pasaka, shangazi za mume wangu walikaa uwanjani wakaliongea jambo hilo kwa sauti ya watu wanaotaka kusikika. Niliondoka nikaenda kusimama zizini. Mama mkwe akanifuata huko. Akaniambia, "Baba yako anasema nyumba ni watu, si watoto tu. Anasema wewe umeshaijasa."

Nililia palepale na ng'ombe wananitazama. Tangu siku hiyo nilimpenda mzee yule wa magoti kwenda chini kama baba yangu mwenyewe. Mtu akiniuliza kwenye josho, "Bado tu, bibi mifugo?" nilikuwa nacheka na kuirudia sentensi ile moyoni, nyumba ni watu, umeshaijaza, na naendelea kuchanja. Nilichotamani ni kimoja tu, kuisikia kwa sauti yake mwenyewe. Kikohozi kilikuwa hakinitoshi.

Mwaka wa nne mzee alikosea kukohoa. Nilikuwa nafua uwanjani, nikainua kichwa, nikamkuta amesimama hatua tano mbele yangu, ananitazama usoni. Sikuwa na khanga kichwani, mikono imejaa povu. Nilishtuka mpaka nikasahau kukimbia. Yeye hakushtuka. Aliendelea kunitazama kwa utulivu, halafu akanyoosha mkono akautafuta ukuta, na ndipo nikaona ule weupe katikati ya macho yake. Nilikuwa nimeuona kwa ng'ombe wazee mara nyingi. Nikarudi nyuma polepole kwa kunyata, naye akapita bila kujua kwamba nilikuwepo.

Kumbe alikuwa anaficha. Alihesabu hatua kutoka shambani, na siku hiyo alikosea hesabu. Nilimweleza mume wangu, na mama mkwe akakiri kwamba alijua na kwamba mzee amekataa kabisa habari za hospitali. Ilichukua miezi kumbembeleza. Alikuja kukubali siku alipomwagia chumvi chai ya mgeni wake, jambo lililomuuma kuliko giza lenyewe. Madaktari wa macho walikuwa wanapita hospitali ya mjini kwa siku tatu tu, na baada ya hapo haikujulikana watarudi lini.

Mume wangu alikuwa Mbeya kusimamia mitihani. Tulipanga mzee na mama waje siku ya mwisho na gari la sokoni, na gari la sokoni, kama kawaida yake, likazama kwenye tope na ndizi zote juu. Nilipata habari saa mbili asubuhi. Nikawasha pikipiki nikaenda Lufingo na helmeti zote mbili, nikijua wazi ninachokwenda kuomba.

Mama mkwe alinisikiliza, akaingia ndani kwa mzee. Nikageukia ukuta wa jiko nikingoja. Mabishano yalikuwa marefu. Hoja ya mzee ilikuwa ya kweli: hata kipofu ana mkwe. Hoja ya mama ilikuwa kwamba helmeti ni khanga ya plastiki, ina kioo cheusi, na kwamba yeye mwenyewe atakaa katikati, kwa hiyo mzee hatanigusa wala kivuli chake hakitaniangukia. Siku hizi watu watatu kwenye pikipiki moja wangeita mshikaki. Mwisho mzee alikohoa mara mbili ndani ya nyumba, na huko kukawa ndiko kukubali kwake.

Mama alikataa helmeti, akasema ataweka mfuko wa plastiki juu ya kilemba. Kwa hiyo helmeti ya pili ilikuwa ya mzee. Hapa lazima niseme ukweli. Hakuna aliyeniambia niunganishe simu. Niliiunganisha makusudi. Waya wa helmeti yake niliupitisha juu ya bega la mama, nikaufunga kwa kipande cha kitambaa kwenye kwapa lake, nikauachia tumbo zuri la kudondoshea maji, nikachomeka kwenye kisanduku kilicho ndani ya glovu. Maiki yangu niliiziba kwa pamba, ili sauti yangu isimfikie, maana mwiko nilitaka kuutunza kwa upande wangu. Nilijiambia kwamba mila inakataza uso na inakataza kuongea, na haijasema lolote kuhusu waya. Mtu akitaka kukosea hakosi wakili.

Mama aliutazama ule waya begani kwake. "Hii simu si ulisema ilikufa?"

"Ilikufa, mama," nikasema. "Waya nauacha tu."

Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, akapanda.

Mvua ilianza kabla hatujamaliza migomba ya jirani. Haikuwa ya kuchokoza, ilikuwa ile yenyewe, inayoshuka wima na kubadilisha rangi ya kilima. Pikipiki ililegea miguu kwenye utelezi kama ndama wa siku moja. Na ndani ya masikio yangu, safi kabisa, bila mkwaruzo hata mmoja, nikamsikia baba mkwe wangu anapumua. Nilifurahi sana. Miaka minne, na sasa pumzi yake iko shavuni kwangu. Nikasubiri aseme.

Alisema kwa Kinyakyusa, akimpigia mama kelele nyuma ya shingo. "Mwambie apunguze. Mimi si ng'ombe anayepelekwa kupandishwa."

Mama akaniinamia sikioni. "Baba yako anasema Mungu akulinde, njia inateleza."

Nilidhani nimekosea kusikia. Nikapunguza. Tukapita shamba la chai, mzee akaongea tena. Alitaka kujua huko Kondoa ni watu gani wanaofundisha wanawake kukaa hivi, na kama mwanawe alioa mke au alioa dereva. Mama akayapanga kwanza. Kisha akaniambia baba yako anasema mume wako alipata mke hodari.

Hapo nilianza kucheka. Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti mpaka kioo kikashika mvuke, na mvua nje inapiga. Makoromo yote ya migombani yalinirudia moja baada ya jingine, pamoja na zile hotuba zake. Mzee akalalamika makalio yake yamekufa ganzi, mama akaleta kwamba baba yako anasema safari ni nzuri. Mzee akasema anasikia harufu ya mafuta ya ng'ombe humu ndani ya sufuria waliyomvika, mama akasema anaipenda hii kofia. Sikuwahi kufurahia barabara ile kama siku hiyo. Fundi wa redio angekuwepo ningemkumbatia, maana kila tone lililoutembelea ule waya lilifika kwenye kiwiko cha mama likadondoka, na neno la mzee likafika kavu.

Tulipokaribia daraja la mbao nilisimamisha pikipiki, nikazima injini niangalie kama mbao zimefunikwa na maji. Palikuwa kimya, mvua peke yake. Mzee alidhani tumefika mahali pa kuongea. Alimwambia mama, bila kupiga kelele sasa, taratibu, kama mtu anayesema alilokaa nalo muda mrefu.

"Unanipeleka nikafunguliwe macho nione nini? Uwanja ule mtupu? Miaka minne hakuna mtoto hata mmoja wa kukanyaga. Mimi sina cha kutazama pale."

Niliumia. Niseme hivyo tu, niliumia, na nilishika usukani nikatazama mbao za daraja bila kuziona. Nilikuwa nimejiandaa kwa maji, siyo kwa hayo. Kilichonichoma zaidi hakikuwa ule uwanja mtupu, maana niliujua utupu wake kuliko yeye. Ilikuwa ile sentensi ya zizini. Nilikuwa nimetembea nayo mwaka mzima, nimechanja nayo ng'ombe wa kata tatu, na mwenye nayo hakuwahi kuisema. Nilimngoja mama. Nilitaka kusikia atanipa nini safari hii.

Nilihisi kifua chake mgongoni mwangu, kinapanda na kushuka. Halafu akanishika kiuno kwa mikono yote miwili, akanikaza namna unavyomkaza mtoto asianguke, akaniambia sikioni, "Baba yako anasema unaendesha visuli, mwanangu. Anasema twende tu, daraja ni sima."

Nilielewa pale, juu ya pikipiki, na maji yananiingia shingoni. Mzee hakuwa na sentensi. Sentensi zote zilikuwa za huyu hapa katikati, mwenye mfuko wa plastiki kichwani, ambaye kwa miaka minne alikuwa anakimbia migombani na kurudi, anachukua koromo na kulirudisha likiwa chakula. Na sikuwahi kumshukuru hata siku moja, kwa sababu kila mara nilimwambia, mwambie baba asante.

Niliingiza mkono ndani ya glovu, nikachomoa kichwa cha waya. Nikawasha injini. Daraja lilikuwa zima kweli.

Kutoka hapo mpaka mjini mzee aliongea mengi, nilijua kwa jinsi mama alivyokuwa anageuza kichwa. Mimi nilisikia upande mmoja tu. Nilisikia kwamba baba yako anasema mlima umejificha leo, kwamba anasema ukimaliza utakunywa chai kwanza ukauke. Nilijibu kila moja, "Mwambie baba, ndaga fijo," ambayo kwao ni asante sana, na nilijua ninaiweka mkononi mwa nani.

Tulifika hospitali wamebaki wagonjwa sita kwenye benchi. Muuguzi alimwongoza mzee ndani, na mimi nikageukia ukuta mpaka apite, nikiwa natiririka maji kuanzia kichwani. Mama alikuwa anajifungua kile kitambaa kwapani. Akaushika waya, akauona umening'inia bila kushika popote.

"Sasa imekufa kweli?" akauliza.

"Imekufa, mama. Mvua."

"Mvua ya huku," akasema, akanisaidia kuuviringisha.

Walimfanyia jicho moja siku hiyo. Alilala pale siku mbili, na alirudi Lufingo kwa gari la sokoni, safari hii halikuzama. Mume wangu aliporudi kutoka Mbeya alishangaa kwamba simu haifanyi kazi, akataka kuipeleka kwa fundi. Nikamwambia aache, mvua imeshinda. Alichukua kichwa cha waya akakitazama, kikavu, kinang'aa kwa mafuta ya kukamulia, akanitazama mimi, akakirudisha kwenye droo. Ni mtoto wa mama yake yule.

Jumapili iliyofuata tulikwenda. Nilikuwa jikoni nje na mama tunachambua maharage. Kwenye mgomba wa mwisho kikohozi kikasikika, mara mbili, mahali pake hasa. Nikajifunika, nikageukia ukuta. Nyayo zilikuja, zikafika katikati ya uwanja, zikasimama muda mrefu kuliko desturi. Mzee akasema neno, fupi, kwa sauti ya chini ambayo sikuishika, na sikujaribu kuishika. Akaingia ndani.

Mama akanigusa bega. "Baba yako anasema khanga yako ina maua mekundu. Anasema hakuwahi kujua."

Inawezekana alisema hivyo. Inawezekana alisema uwanja haujafagiwa. Nilijifunua, nikamtazama mama, mikono yake midogo iliyokunjamana ndani ya maharage.

"Na wewe, mama," nikamwambia kwa Kinyakyusa, kwa mara ya kwanza mbele yake, "wewe unasemaje?"

Aliacha kuchambua. Nadhani hakuwahi kuulizwa. Kisha akaanza kutabasamu, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Mimi? Mimi nimeshasema, mwanangu. Miaka yote nimesema."

Akanisogezea ungo, tukaendelea kuchambua.